UZI: Ukiweka mkojo au damu kwenye NMR, mashine inasoma nini hasa? Watu wa sampuli njooni hapa

#1 FundiSampuli

Wakuu, za jioni.

Kila utafiti wa metaboliti ukitajwa humu, mjadala unakimbilia kwenye mashine: bei yake, iko nchi gani, sumaku ina Tesla ngapi. Mimi nipo upande wa pili wa kazi hiyo, upande wa kukusanya sampuli, kuzigandisha, kuzifungasha kwenye barafu kavu na kuhangaika na makaratasi yake ya kusafiria. Na kuna jambo naona halisemwi vya kutosha: NMR, yaani mashine inayosoma molekuli kwa sumaku na mawimbi ya redio, haichagui. Inasoma kila chenye haidrojeni kilichomo kwenye tyubu, kiwe cha mgonjwa au cha sisi tuliomtoa damu. Spiriti iliyokuwa haijakauka kwenye ngozi itaonekana. Dawa ya kuzuia damu isigande itaonekana. Hata yale masaa sampuli iliyokaa mezani ikisubiri dereva yataonekana.

Ngoja niweke msingi kwanza, wanafizikia mnivumilie.

Metaboliti ni molekuli ndogo ambazo mwili unazitengeneza, unazivunja, au unazipata kwenye chakula na dawa: glukosi, laktati, kreatinini, sitrati, amino asidi na wenzao wengi. Karibu zote zina haidrojeni. Kiini cha haidrojeni, yaani protoni, kina usumaku wake mdogo. Ukikiingiza kwenye sumaku kubwa kinaelekea upande wa sumaku hiyo au kinyume chake, na zinazoifuata zinazizidi zinazoipinga kwa idadi ndogo ya kushangaza. Kwenye sumaku ya Tesla 14.1, kwa joto la kawaida la chumba, ziada yenyewe ni protoni kama 50 katika kila milioni. Basi hizo 50 ndizo zinazofanya kazi yote. Unazipiga kwa wimbi fupi la redio la megahezi 600, zinayumba, na zinaporudi mahali pake zinatoa ishara ambayo mashine inainasa. Felix Bloch kule Stanford na Edward Purcell kule Harvard walionesha jambo hili mwaka 1946, wakapata Nobel ya fizikia 1952. Baadaye Richard Ernst alileta mbinu ya kupiga protoni zote kwa mkupuo na kuzichambua kwa hesabu, na yeye akapata ya kemia 1991.

Kinachotusaidia sisi ni hiki: protoni haziitiki kwa masafa yaleyale. Elektroni za jirani zinaikinga kila protoni kidogo dhidi ya sumaku, na kinga hiyo hutegemea imeshikana na nini. Tofauti ni ndogo mno, inapimwa kwa sehemu za milioni, tunaandika ppm. Matokeo yake ni mchoro wenye vilele, na kila molekuli ina mahali pake pa kudumu. Laktati: vilele pacha kwenye 1.33. Alanini, pacha vilevile, 1.48. Asetati, kimoja kimesimama peke yake, 1.92. Kreatinini kwenye 3.05 na 4.05. Glukosi ina msitu mzima kati ya 3.2 na 3.9, lakini kuna kilele chake kimoja kimejitenga pale 5.23 na ndicho tunachokishika. Ukizoea, unafungua mchoro wa mkojo na kabla hujagusa programu yoyote unajua huyu ana sukari.

Maandalizi ya mkojo ni mepesi ajabu. Unazungusha kwenye sentrifuji kuondoa chembechembe, unachukua mikrolita 540 za mkojo, unaongeza 60 za bafa ya fosfati (kimiminika kinachoizuia pH isibadilike) iliyotengenezwa kwa maji mazito, yaani maji yenye haidrojeni nzito, yenye pH 7.4. Bafa ni ya muhimu kwa sababu vilele vingine, hasa vya sitrati, vinahama pH ikibadilika. Maji mazito yanaisaidia mashine kujishikilia isitangetange. Ndani ya bafa kuna azidi ya sodiamu ya kuzuia bakteria, na kuna kemikali inaitwa TSP ambayo kilele chake ndicho sifuri ya mchoro. Unamimina kwenye tyubu ya kioo ya milimita 5, inaingia. Dakika tano hivi spektra ya kawaida, yaani ule mchoro wa vilele, imetoka, na sampuli yako bado nzima, haijachomwa wala haijaliwa na kemikali.

Kesho nitaendelea na upande wa kipimo chenyewe, yaani namba inapatikanaje. Maswali ruksa.

#2 KahawaChungu

Nimeweka kambi hapa. Mkuu swali la kizushi: nikinywa kahawa asubuhi inaonekana?

#3 FundiSampuli

@KahawaChungu inaonekana vizuri sana. Kahawa ina trigonelini, na kilele chake kinatua pale 9.12, upande wa kushoto kabisa ambako mkojo hauna vitu vingi. Hakifichiki. Chai na matunda huongeza hipurati, ile ina vilele vitatu kati ya 7.5 na 7.9. Machungwa yana prolini betaini, inatoka kwenye mkojo muda mfupi baada ya kula, na watafiti wa lishe wanaitumia kujua nani kweli alikula machungwa na nani amejaza tu dodoso. Samaki wa baharini anakuja na TMAO, 3.27. Panadol nayo inatoka na vilele vyake, imefungwa na sukari au salfeti. Pombe iko 1.18, vilele vitatu.

Kwa hiyo mtu akikwambia hajagusa kitu tangu jana usiku, mkojo wake una la kusema.

#4 KahawaChungu

Hahaha basi hiyo mashine isifike ofisini kwetu.

#5 Mwana_Fizikia

Uzi mzuri. Niongeze kitu ambacho mleta uzi amekiruka, na ndicho kinachoumiza vichwa vya watu wa upande wetu: maji.

Maji ni moli 55 kwa lita (moli ni kipimo cha idadi ya molekuli), na kila molekuli ina protoni mbili, kwa hiyo una moli 110 za protoni za maji. Metaboliti unayoitafuta iko milimoli moja, mara nyingi chini ya hapo. Tofauti ni zaidi ya mara laki moja. Ni sawa na kumsikiliza mtu anayenong'ona huku umesimama mbele ya spika za mnanda. Kinachofanyika ni kuyachosha maji kwanza: unapiga wimbi dhaifu la redio palepale kwenye masafa yake, karibu 4.7, kwa sekunde kadhaa hadi yanashindwa kutoa ishara, ndipo unapiga wimbi la kipimo. Ukikosea kidogo, mkia wa maji unabeba kila kilicho jirani. Kilele cha pili cha glukosi kiko 4.64, kwa hiyo mara nyingi kinakwenda na maji. Ndiyo sababu wanaishika ile ya 5.23.

Kwenye damu kuna tatizo la ziada. Plazma, yaani sehemu ya maji ya damu, imejaa protini na mafuta, vilele vyao ni vipana kama vilima na vidogo vinakaa juu yake. Hapo tunatumia mpangilio wa mawimbi uitwao CPMG. Molekuli kubwa zinapoteza ishara haraka, ndogo zinadumu, kwa hiyo unasubiri kidogo hadi kubwa zimenyamaza ndipo unarekodi. Halafu TSP haifai kwenye plazma kwa sababu inajishika kwenye albumini, protini ya damu. Ukiitegemea kama kipimio, namba zote zinatoka kubwa kuliko ukweli.

#6 Mtoto wa Ilala

Samahani wakuu, hii siyo MRI ile ya hospitali? Mjomba wangu aliingizwa, walisema ni sumaku.

#7 Mwana_Fizikia

@Mtoto wa Ilala ni fizikia ileile, mdogo wangu. MRI ya hospitali nyingi ni Tesla 1.5 au 3, na inasikiliza hasa maji na mafuta ya mwili ili ichore picha. Hii ya maabara ina sumaku kali zaidi na nafasi nyembamba ya kuingiza tyubu, haichori picha, inachora vilele. Kuna ndugu yao wa katikati pia: mgonjwa analala ndani ya MRI halafu wanapima metaboliti za sehemu moja ya ubongo bila kuchukua sampuli yoyote. Ila kwa Tesla 3 vilele vinabanana, unabaki na vichache vya kuaminika.

Na tofauti nyingine, hizi za Tesla 14 zinaishi ndani ya heliamu ya kimiminika, nyuzi −269, ikizungukwa na naitrojeni ya kimiminika, nyuzi −196. Naitrojeni unaongeza kila wiki au karibu na hapo, heliamu kila baada ya miezi kadhaa. Ukikosa heliamu kwa wakati, sumaku inakufa. Ukitaka kujua kwa nini mashine hizi ni chache kwetu, usiangalie bei ya kununua peke yake.

#8 FundiSampuli

Shukrani @Mwana_Fizikia, hapo umenipunguzia kazi. Naendelea na kipimo.

Uzuri mkubwa wa NMR ni kwamba eneo la kilele linalingana moja kwa moja na idadi ya protoni zilizokitengeneza. Hakuna haja ya kutengeneza mstari wa viwango kwa kila molekuli kama tunavyofanya kwenye mashine nyingine. Mfano: kwenye tyubu una TSP milimoli 0.5. TSP ina protoni 9 zinazotoa kilele kimoja, na eneo lake limesoma 4.5. Maana yake kila protoni moja ya kitu chenye milimoli 0.5 ni sawa na eneo la 0.5. Sasa pima vilele pacha vya laktati, vya kundi la methili lenye protoni 3: eneo limesoma 3.0, yaani 1.0 kwa kila protoni. Basi laktati ndani ya tyubu ni milimoli 1.0. Lakini ulichanganya 540 na 60, kwa hiyo zidisha kwa 600 gawanya kwa 540, unapata 1.11 kwa lita ya mkojo wenyewe. Hesabu ya darasa la saba.

Masharti yapo, usije ukaniita muongo: protoni zipewe muda wa kutulia kati ya wimbi moja na jingine, na kilele kisiwe kimebanwa na jirani. Hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu, maana mkojo una msongamano. Timu ya David Wishart pale Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, ilichapisha mwaka 2013 orodha ya vitu vya kwenye mkojo wa binadamu, na kwa NMR walitambua 209. Kwenye seramu (maji ya damu iliyokwisha kuganda) idadi inashuka sana, hamsini hivi, kwa sababu figo inakusanya na kukoleza vitu ambavyo kwenye damu ni vichache mno.

Mkojo nao una ugonjwa wake: uzito wake unategemea mtu amekunywa maji kiasi gani. Ndiyo maana namba nyingi zinaandikwa kwa kulinganisha na kreatinini, milimoli kwa kila milimoli. Inasaidia, ila kreatinini yenyewe inategemea misuli. Mzee aliyekonda na kijana wa gym ukiwalinganisha hivyo, mzee ataonekana ana kila kitu kingi.

#9 NesiWaZamu

Shikamoo FundiSampuli. Mimi ni nesi, huwa natoa damu za miradi ya utafiti. Tunapewa tu boksi la tyubu na karatasi ya maelekezo, hatuelezwi kwa nini. Naomba nieleweshe hizo rangi za vifuniko zina uhusiano gani na hii mashine.

#10 FundiSampuli

Marahaba dada. Hili ndilo lililonifanya nianzishe uzi, hivyo nitajinafasi.

Kifuniko cha zambarau ni EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande. Kwa kuhesabu seli za damu ni sawa kabisa. Kwa NMR, EDTA yenyewe ina haidrojeni nyingi na vilele vyake vinatua 3.1 hadi 3.6. Halafu inakamata kalsiamu na magnesiamu za damu na kutoa vilele vingine kwenye 2.56 na 2.70, ujirani uleule wa sitrati. Huwezi tena kusema sitrati ya mgonjwa ni ngapi kwa uhakika. Maabara nyingi zinaipokea hivyohivyo kwa sababu damu zilizohifadhiwa kwenye friza zilichukuliwa zamani kwa shughuli nyingine, na programu zao zinajua kuviruka vilele hivyo. Lakini ukiwa unaanza mradi mpya, usiichague.

Buluu mpauko ni sitrati. Hiyo nadhani unaona tatizo bila mimi kusema.

Kijani ni heparini, na ndiyo wengi wanaipendelea kwa plazma. Vilele vyake ni hafifu. Nyekundu ni seramu, safi kwa mchoro, ila unaiacha nusu saa au zaidi igande, na wakati huo seli zinakula.

Kijivu ina floridi na oksalati ya potasiamu. Hizo mbili hazina haidrojeni ya kuonekana, na floridi inazuia seli zisiendelee kula sukari. Inavutia. Tahadhari mbili tu: floridi haifungi bomba papo hapo, sukari huendelea kushuka kwa saa moja hivi ya mwanzo, na baadhi ya vifuniko vya kijivu vina EDTA badala ya oksalati. Soma lebo, rangi peke yake haitoshi.

Sasa hilo la kula. Chembe nyekundu za damu hazina mitokondria, vile vinu vya nishati vya seli. Chakula chake ni glukosi na uchafu wake ni laktati, basi, glukosi moja inatoa laktati mbili. Ndani ya tyubu zinaendelea vilevile. Kwa joto la kawaida glukosi inashuka kama asilimia 5 hadi 7 kila saa. Hebu fikiria zahanati ya kule ndani, damu imetolewa saa mbili asubuhi, gari la mradi linapita saa saba mchana. Glukosi imepungua kwa robo hivi au zaidi, laktati imepanda, na wasomi wa mbali wanaona "mabadiliko ya nishati mwilini". Zaidi: ikiwa wagonjwa wanatoka kijijini na wale wa kulinganisha nao ni wafanyakazi wa hospitali ya mkoa waliotolewa damu hatua chache kutoka kwenye sentrifuji, utapata tofauti nzuri sana ya kitakwimu kati ya makundi mawili. Tofauti ya barabara.

Kwa hiyo ukiweza: damu iingie kwenye barafu mara moja, izungushwe mapema iwezekanavyo, plazma igawanywe kwenye vichupa vidogo vidogo kabla ya kugandishwa −80, ili anayehitaji kidogo asilazimike kuyeyusha yote. Na andika saa. Saa ya kutoa, saa ya kuzungusha, saa ya kugandisha. Sampuli iliyochelewa lakini imeandikwa inaweza kuwekwa pembeni au kurekebishwa. Iliyochelewa kimyakimya ni sumu.

Kuhusu spiriti: futa, subiri ikauke, ndipo uchome. Kama pamba ina isopropanoli, kilele kinatua 1.17, na kama ni ethanoli 1.18. Wote wanakaa jirani na beta-haidroksibutirati ya 1.20, ambayo ni alama ya njaa na ya kisukari kilichoharibika. Mama mcha Mungu ambaye hajawahi kuonja pombe anaweza kutokea mlevi kwa sababu ya pamba.

#11 NesiWaZamu

Ahsante sana. Yaani kumbe ile safu ya "muda" kwenye fomu ndiyo yenye maana! Wengi tunajaza zote mwishoni mwa zamu kwa kukadiria. Nitawaonesha wenzangu uzi huu.

#12 BintiKilwa

Naomba niulize kitu nyeti kidogo. Kuna mtu wa karibu ananuka kama samaki, siyo utani, anaoga mara tatu kwa siku. Watu wanamkimbia, wengine wanasema ni mambo ya majini. Nimesoma mahali kwamba kuna ugonjwa wa hivyo. Unapimwa kwa hii kitu?

#13 Dk Bara

@BintiKilwa pole kwake. Upo ugonjwa unaitwa trimethilaminuria. Sio wa uchafu na sio wa majini. Bakteria wa utumbo wanapovunja kolini, iliyomo kwenye mayai, maini na maharage, wanatoa gesi ya trimethilamini, ambayo ndiyo harufu yenyewe ya samaki aliyelala. Kwa watu wengi ini linaibadilisha kuwa TMAO isiyo na harufu, kwa kimeng'enya kinachoitwa FMO3. Mtu aliyerithi jeni yenye hitilafu kutoka kwa wazazi wote wawili, ini lake haliwezi, gesi inatoka kwa jasho, pumzi na mkojo.

Na ndiyo, NMR ni moja ya njia nzuri za kuupima, kwa sababu zote mbili zinaonekana kwenye mchoro mmoja: trimethilamini karibu 2.88, TMAO pale 3.27. Kwa mtu mzima wa afya zaidi ya asilimia 90 inatakiwa iwe TMAO. Uwiano ukipinduka, jibu limepatikana. Kipimo kinafanyika akiwa amekula chakula chenye kolini au samaki wa baharini, maana akifunga kinaweza kutoka kizuri bure. Na mkojo wake lazima utiwe asidi mara tu ukikusanywa, la sivyo trimethilamini inapaa hewani kabla haijafika maabara.

Asianze kujikatia vyakula ovyo kwa kusoma humu, hasa kama ni mjamzito au ananyonyesha, kolini inahitajika. Aonane na daktari amwandikie rufaa. Na kuna sababu nyingine za harufu, ikiwemo maambukizi ya ukeni ambayo yanatibika kwa siku chache, hiyo ichunguzwe kwanza.

#14 BintiKilwa

Ahsante daktari. Nimepata cha kumwambia.

#15 Mzani wa Molekuli

Nimesoma kimya toka mwanzo, sasa niseme. Mnaipamba NMR kupita kiasi. Inaona mikromoli kwenda juu. Spektrometa ya masi, mashine inayotambua molekuli kwa uzito wake, inashuka nanomoli na chini ya hapo, inaona maelfu ya vitu. Homoni huzioni na NMR. Vitamini nyingi huzioni. Vitu 209 ndiyo nini? Hiyo ni kamera ya simu ya tochi.

#16 FundiSampuli

@Mzani wa Molekuli hakuna anayebisha kuhusu uwezo wa kuona vidogo. Lakini chukua sampuli ileile, ipime leo kwa NMR, ipime mwakani kwenye maabara ya nchi nyingine yenye sumaku ya nguvu hiyohiyo, namba zinakaribia kufanana. Mashine yako inaguswa na sampuli: inachafuka, safu (bomba la kutenganisha molekuli) inachoka, wimbi la ayoni linapanda na kushuka, lazima uweke viwango vya ndani kwa kila kitu. NMR haigusani na kimiminika kabisa. Kwa miradi mikubwa hilo lina uzito. Ndiyo maana benki ya sampuli ya Uingereza, UK Biobank, plazma zake zilipimwa kwa NMR na kampuni ya Kifini, Nightingale Health: fungu la kwanza la watu karibu 120,000 lilitolewa 2021, vipimo 249 kwa kila mmoja. Na kabla ya hapo kulikuwa na utafiti wa INTERMAP, mkojo wa watu 4,630 wa China, Japani, Uingereza na Marekani, uliotoka 2008. Ulionesha uhusiano kati ya presha na vitu kama fomati, alanini na hipurati.

#17 Dk Bara

Niwapatanishe kwa kisa kimoja cha Afrika, maana naona mnazungumzia Ulaya tu.

Chuo Kikuu cha North-West, Potchefstroom, Afrika Kusini, walipima kwa NMR maji ya uti wa mgongo ya watoto wenye homa ya uti wa mgongo inayotokana na kifua kikuu. Ugonjwa huu ni mbaya, mtoto anafika amechelewa, na kupata bakteria kwenye maji hayo ni bahati nasibu. Walichokiona wazi ni laktati iliyopanda sana na glukosi iliyoshuka. Wakajiuliza, laktati hii ni ya nani? Ya ubongo wa mtoto au ya bakteria? Kwa sababu laktati ina maumbo mawili, L na D, yanayotazamana kama mkono wa kushoto na wa kulia. Mwili wa binadamu unatengeneza karibu L tupu. Bakteria wengi wanaweza kutoa D.

Hapo NMR ilifika mwisho. Maumbo hayo mawili yanatoa vilele vilevile, palepale 1.33, huwezi kuyatenganisha. Wakaipeleka sampuli kwenye spektrometa ya masi ya Mzani wa Molekuli, baada ya kuyatenganisha maumbo hayo, na jibu lililochapishwa 2016 likawa L peke yake. Yaani laktati ni ya mwenyeji, ya seli za mtoto zinazopambana, siyo ya kimelea. NMR ilionesha pa kuchimba, nyingine ikachimba.

#18 Mzani wa Molekuli

Hapo sawa daktari. Kamera ya tochi naiondoa, nabakiza tochi.

#19 Mtoto wa Ilala

Huku kwetu Afrika Mashariki ipo kazi iliyofanyika?

#20 FundiSampuli

Ipo. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa NMR wa mkojo wa jamii ya wavuvi wa Uganda, kuhusu kichocho cha tumbo. Timu ilikuwa na watu wa Leiden, Uholanzi. Tofauti kati ya wenye kichocho na wasio nacho zilielekea kwenye vitu vya bakteria wa utumbo, nishati na kazi ya ini, na inaingia akilini ukijua mayai ya yule mnyoo yanakwama kwenye utumbo na ini. Sampuli za huku, sumaku ya kule. Ndiyo maana nang'ang'ania upande wa sampuli: hiyo sehemu iko mikononi mwetu hata kama heliamu haipo.

Kuna mashine ndogo za mezani pia, megahezi 60 hadi 100, zinatumia sumaku za kudumu, hazihitaji heliamu wala naitrojeni. Zinachomekwa kwenye umeme wa kawaida.

#21 Mwana_Fizikia

Hizo za mezani msizipe sifa zisizo zao. Kwa megahezi 60 vilele vinapandana, na unyeti unashuka sana. Sukari ya mkojo wa kisukari utaiona, ketoni utaziona, kreatinini na sitrati pia. Alanini iliyojificha kwenye uvungu wa laktati ya mgonjwa mahututi, sahau. Kwa kufundishia wanafunzi na kwa kuchuja sampuli kabla ya kusafirisha zile zinazostahili, hapo nakubali.

#22 NesiWaZamu

Swali la mwisho kabla sijaingia zamu. Mtaalamu wa mradi wetu alisema wanataka pia "chembe za lehemu", siyo lehemu ya kawaida. Ni mashine hiyohiyo?

#23 Mwana_Fizikia

Hiyohiyo, na sampuli hiyohiyo. Vile vilima vya mafuta nilivyosema tunavizima kwa CPMG, safari hii unaviacha. Kilele cha methili karibu 0.8 na kile kikubwa karibu 1.25 ni jumla ya chembe zote za LDL, HDL na VLDL (vifurushi vinavyobeba mafuta na lehemu kwenye damu), ila chembe ndogo na kubwa zimepishana kidogo mahali, kwa hiyo programu inakifumua kilima na kukadiria kuna chembe ngapi za ukubwa gani. Marekani mashine ya namna hiyo, Vantera, yenye sumaku ya megahezi 400, iliidhinishwa na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya huko, mwaka 2012 kwa matumizi ya hospitali. Watu wawili wanaweza kuwa na LDL sawa kwenye karatasi huku mmoja akiwa na chembe nyingi zaidi.

Kwa kipimo hicho muulize kama wanataka mgonjwa awe amefunga kula usiku, na plazma isigandishwe na kuyeyushwa mara kwa mara. Chembe za mafuta haziipendi barafu hata kidogo.

#24 NesiWaZamu

Nimeelewa. Nimewaandikia waniambie pia kama tyubu za zambarau walizotuletea ni za makusudi au ni zilizokuwepo stoo. Nikijibiwa nitaweka hapa.